Tupeane uzoefu: umeambiwa ufanye kitu kwa sistimu na roho ikakataa

Jamani wana IT wa pwani, naanza mimi. Niko Malindi, nilikuwa naangalia sistimu ya hoteli moja huku Casuarina, mambo ya buking, waifai na kamera. Siku moja meneja kaniita eti nimtolee orodha ya wageni wa miaka mitatu, majina, namba za simu na zile picha za pasipoti, kuna rafiki yake wa mambo ya safari anazitaka. Nilinyamaza kwanza maana nina watoto wawili na mvua za Aprili zikianza hoteli nyingi hapa zinafunga, kazi hupati. Nikamwambia bosi, mgeni alitupa pasipoti aandikishwe chumba tu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo hivyo, ulichochukulia kazi moja usikipeleke kwa nyingine isiyohusiana. Akasema mimi ni fundi, sheria niwaachie mawakili. Nikaomba aniandikie hilo agizo kwa imeli, hakuandika. Mkataba ulipoisha hakuniongezea, nikakaa miezi minne bila kazi. Inaniuma mpaka leo lakini orodha sikutoa.

fundi wa Langoni: Pole sana ndugu yangu. Mimi natengeneza simu Lamu, na huku kila mtu ni ami yako ama shemeji. Alikuja mzee wa rika la baba na simu ya mkewe, "nifungulie mwanangu nione anaongea na nani". Mtu amekula kwetu kila Maulidi, utamjibuje? Nikamwambia mzee wangu, mama akija nayo mwenyewe naifungua hata bure. Akaondoka bila kuaga. Kuingia kifaa cha mtu bila ruhusa, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ni faini mpaka milioni 5 au jela miaka 3 au vyote viwili, lakini wallahi si jela niliyoiogopa, nilimfikiria yule mama usiku ule akiwa nyumbani.

binti Malindi: Mimi niliandika programu ya mauzo ya duka, tumepatana kwa mdomo, akalipa nusu akapotea. Paswadi ninayo na mikono iliniwasha niizime yote. Kakangu ni wakili, akanizuia, kuzima ni kosa la jinai, deni ni la kudai. Halafu akaniambia kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya kazi ya kuagizwa inahesabiwa ya aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Nililia. Sasa hata kazi ya 5,000 naandika karatasi, programu inabaki yangu mpaka shilingi ya mwisho iingie.

mwenye uzi: Dada hiyo sikuijua na nina kazi mbili mkononi za kupatana kwa simu tu. Tuwekee hiyo karatasi hapa, toa majina. Na wewe wa Langoni, mzee mnasalimiana?

fundi wa Langoni: Alinipa mkono siku ya Idi. Ya simu hatujaitaja.