Toyota: 4WD, AWD, V Flexible, E-Four... ipi ni ipi? Naomba ushauri

MkweziKonde: Assalaam alaykum wana jukwaa. Nipo Pemba, natafuta gari ya kwendea shamba. Njia ya ndani ni udongo tu, masika ikinyesha hata ng'ombe anateleza. Majina ya hizi Toyota yamenichanganya. Ipi inavuta tairi zote nne kweli? Na RAV4 si zote ni 4WD, maana jina lenyewe lina 4? Naomba majibu leo leo.

Jongoo_wa_Chake: Waalaykum salaam. Chukua Escudo, mengine porojo. Yangu nimeifikisha Vumawimbi na watu saba na sufuria la pilau. Pilau halikumwagika, shemeji ndiye aliyetapika.

FundiDarajani: Majina ya biashara hayo. V Flexible inavuta tairi za mbele, za nyuma zinaamka pale za mbele zikianza kuteleza. E-Four ni ya haibridi, mfano Harrier MHU38: nyuma ina mota yake ya umeme, shafti ya kati, ile ya kupeleka nguvu ya injini nyuma, haina kabisa. Nje ya Japani utaikuta imeandikwa AWD-i, na watu wanaichanganya na VVT-i, ambayo ni mambo ya injini. Ile 4 ya RAV4 ilitokana na 4WD kweli gari ilipotoka 1994. Baadaye wakatengeneza za kuvuta mbele tu, jina wakaliacha vile vile. Yako ipi?

MkweziKonde: Sijanunua, naangalia tu. Ni ile ya toleo la tatu, 2.4. Rangi ya fedha, viti safi.

FundiDarajani: Viti sikuuliza. Namba ya chasisi inaanzaje?

BiMwanaidi: Mwanangu, vijana mnapenda gari kuliko nyumba. Marehemu mume wangu alikwenda shamba kwa baiskeli miaka yote na karafuu zikafika mjini.

FundiDarajani: Mkwezi, chasisi?

MkweziKonde: ACA36. Lakini dalali kaniambia 36 ni mpya kuliko 31, na nyuma ina stika ya 4WD. Halafu nishampa milioni nne za kuishikia.

Jongoo_wa_Chake: "Naangalia tu" 😂😂

FundiDarajani: Lahaula. ACA31 ndiyo 4WD. ACA36 inavuta mbele tu. Na usiseme namba kubwa ndiyo bora: kwenye Harrier ACU35 ni 4WD na ACU30 siyo, Noah SR50 ni 4WD na SR40 siyo. Kwenye RAV4 hiyo mambo yamegeuka. Stika inauzwa dukani, yakhe.

MkweziKonde: Dalali ni mtu wa msikitini, hawezi kunidanganya. Anasema inajiingiza yenyewe, huisikii.

Popo_Bawa_Mstaafu: Jamani, mie huyu simwamini. Mtu katoa milioni nne ndipo anauliza? Na maneno yote ya dalali anayo kichwani. Dalali ndiye huyu huyu, anapima wateja wanajua nini.

Jongoo_wa_Chake: Eee! Fundi, unamfundisha mwizi kufunga mlango.

BiMwanaidi: Kama mkweli, aapie.

MkweziKonde: Wallahi mie si dalali. Hela yenyewe ya karafuu za mama, ndiyo maana nilikuwa naficha. Sasa hivi natoka chini ya gari. Nimetandika gunia, nikaingia na tochi ya simu. Bomba la moshi limepita peke yake toka mbele mpaka nyuma, shafti hakuna. Pale pa difu la nyuma, lile la gia za kuzungusha tairi za nyuma, nimepitisha mkono mzima, umetoka na vumbi.

FundiDarajani: Na mota ya umeme huko nyuma hukuiona, maana hiyo si haibridi. Kadai hela yako kabla ya Ijumaa.

Popo_Bawa_Mstaafu: Tia picha ya huo mkono.

MkweziKonde: Sawa, lakini fundi, nikiifunga tairi za matope mbele, kile kilima si itapanda?