Amekata sahihi za marubani "ili picha ienee kwenye fremu"!

Penseli_2B: Wakuu, yule fundi fremu mnamjua, hana haja ya kutajwa. Leo karudisha picha ya Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, toleo la nakala 500, yenye sahihi ya mchoraji na za marubani watatu waliopigana vita vya anga ya Uingereza 1940. Yenye? Iliyokuwa nazo! Kakata pambizo lote la chini, sentimita 6, na namba ya nakala imekwenda nalo. Kuulizwa, anajibu: "Yale maandishi ya penseli yalikuwa yanachafua, nimekusafishia." NIMEKUSAFISHIA! Angekuwa kinyozi huyu, mtoto angerudi nyumbani bila masikio na bado ungedaiwa hela ya kunyoa.

Fremu ikiwa ndogo, inatafutwa kubwa. Karatasi haiguswi, hata milimita moja. Dirisha la kadibodi, ile inayokaa kati ya picha na kioo, ndilo linalokatwa pana, sahihi zionekane. Kadibodi yenyewe iwe ya pamba, isiyo na asidi, la sivyo miaka ikipita inaacha mstari wa kahawia kuzunguka picha. Karatasi inaning'inizwa ukingo wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ipate kutanuka hewa ikiwa na unyevu. Huyu kaibandika yote ubaoni kwa joto! Haibanduki tena hiyo.

Na hilo la ubao lingemezeka. Sahihi, jamani! John Hemingway, rubani wa mwisho aliyejulikana wa vita vile vya anga ya Uingereza, alifariki Machi 17, 2025, ana miaka 105. Nani atasaini tena? Eti "nimekusafishia"!

Bawa_la_Kushoto: Povu lote hili na bucha umemkabidhi fisi mwenyewe. Picha ya sahihi haiachwi dukani bila maandishi mgongoni mwa bahasha: usikate, usibandike, usipashe joto.

Penseli_2B: Yaliandikwa! Kwa herufi kubwa!

Mzee_Rada: Kimbia kwenye pipa lake la taka kabla gari halijapita. Ukiupata ule ukanda, usiuunge kwa selotepu, gundi yake inageuka njano na kupenya karatasi. Uweke kwenye bahasha isiyo na asidi pamoja na cheti cha picha. Bei haitarudi, lakini sahihi zitabaki.

Propela4: Afadhali huyo wa mkasi. Yule muuzaji, naye mnamjua, ametundika picha ya "Spitfire ya 1940", ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, yenye propela ya mapanga manne! Hiyo ni Mk IX, toleo la baadaye, imeingia kazini 1942. Ya 1940 ina mapanga matatu na bunduki nane mabawani. Mizinga hakuna.

Mzee_Rada: Ilikuwepo. Kikosi namba 19 kilipewa Spitfire za mizinga ya milimita 20 kiangazi kile kile. Ililazwa ubavu ili iingie kwenye bawa jembamba, ikawa inakwama kila mara. Septemba wakarudishiwa za bunduki nane.

Propela4: Zile zilikuwa chache mno. Mchoraji akiweka mizinga, basi ubavuni ziwepo herufi QV za kikosi hicho.

Penseli_2B: Wakuu, turudi kwenye sahihi. Sentimita 6!

Bawa_la_Kushoto: Subiri kidogo. Mzee_Rada, kuna picha yoyote ya QV yenye mizinga? Iweke hapa tuone.