Gitaa: kuagiza kwa anayelitengeneza au kununua dukani? (natumia mkono wa kushoto)

MashotoSita
Wakuu habari za mida hii. Kichwa kinaniuma naombeni msaada. Nina miaka sita napiga gitaa la kuazima, la mkono wa kulia, nimeligeuza na kupindua nyuzi, sasa nimedunduliza na nataka langu la akustiki, la kushoto kweli kweli. Njia naziona mbili. Kuna fundi anatengeneza mwenyewe na kuuza mwenyewe, unatoa kianzio, unachagua mbao, unasubiri kama miezi minane. Alafu kuna duka la vyombo vya muziki, nimeenda mara tatu, ukuta mzima ni wa kulia, la kushoto ni moja tu tena la wanaojifunza, muuzaji ananiambia "tunaweza kukuagizia". Sasa kama na wao wanaagiza, tofauti na mi kuagiza mwenyewe ni nini?

Ekshen_Chini
Dukani mkuu, wala usijiulize mara mbili. Gitaa ni mti, na miti haifanani hata ikitoka msitu mmoja. Niliwahi kujaribu matatu ya modeli moja, yametundikwa pamoja, la kwanza limekufa kama kabati, la pili hivyo hivyo, la tatu nikapiga uzi wa E bila kubonyeza popote nikausikia tumboni. Ningeagiza ningeletewa lipi kati ya yale? Kuagiza bila kushika ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

besi_tu
Mi nilichukua la mtumba kwa rafiki, mwaka wa kumi huu, halijawahi kunisumbua. Endeleeni.

NilikuwaKaunta
Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la vyombo miaka minne kwa hio nikuambie "tunaweza kukuagizia" maana yake nini. Boksi ni lile lile ambalo ungelipokea mwenyewe, swali ni nani analifungua. Gitaa likitoka kiwandani limekaa kwenye kontena, likapita joto, likapita baridi, shingo imejipinda kidogo au imenyooka kupita kiasi, kwa hio duka linalojiheshimu lazima lifanye setapu, yaani kulirekebisha mpaka lipigike vizuri. Mi boksi likija naliacha limefungwa mpaka kesho yake lizoee hewa ya ndani, ndo nafungua, natyuni, nabonyeza uzi mnene kwenye fireti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho naangalia mwanga unaopita katikati, naingiza ufunguo kwenye kile chuma cha ndani ya shingo nazungusha robo, nasubiri, napima tena. Fireti ya 12 nataka uzi mnene uwe juu milimita mbili na kidogo kwa akustiki. Nusu saa, wakati mwingine nusu siku.

Ila nisikudanganye, duka langu la pili la kazi walikuwa wanachana boksi na kutundika, basi. Mteja analipa bei ya duka, anapata huduma ya kontena. Kwa hio usiulize tu bei, uliza "setapu mnafanya kabla ya kunikabidhi, na nani anafanya?" Akianza kuangalia dari, ondoka.

Na kuhusu kushoto, usimlaumu muuzaji. Kampuni kubwa hazimpi dila gitaa mojamoja, zinataka aanze na oda ya kiasi fulani na kila mwaka achukue kiasi fulani, na mali kauli kwao sahau. Hela yake ndo ile imening'inia ukutani. La kulia linaondoka ndani ya mwezi, la kushoto linaweza kukaa mwaka linashikwa na watoto tu. We ungeliagiza?

Ekshen_Chini
Lakini na hilo la ukutani mzee limeshikwa na watu mia, mikanda imelikwaruza mgongo, nyuzi zina kutu, na linauzwa kama jipya. Hapo nakiri.

NilikuwaKaunta
Hapo umenishika. Omba nyuzi mpya na punguzo, wengi watakubali kabla hujamaliza sentensi.

FundiWaMbao
Mi niko upande wa pili wa hii biashara, natengeneza, nauza bila duka, kwa hio mnichukulie na chumvi yenu.

Kaka MashotoSita, kwanza kwa nini kushoto si kugeuza tu. Kwenye gitaa la umeme unaweza, Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu wa mkono wa kushoto, alipindua Stratocaster ya kulia na dunia inajua kilichotokea, kwa sababu pale kwenye daraja kila uzi una kikalio chake unakisogeza kwa bisibisi. Akustiki si hivyo. Kile kifupa cha daraja kimechongewa mfereji mmoja na kimelazwa mshazari, upande wa uzi mnene uko nyuma zaidi, ukipindua nyuzi mshazari unakuwa kinyume, gitaa linatyuniwa vizuri tupu alafu ukipanda fireti ya tano linalia kama mtu mwenye mafua. Nadhani umeshaisikia hio miaka sita yote ukadhani ni sikio lako. Alafu ndani, mbavu zinazoshikilia uso hazifanani kushoto na kulia, upande wa nyuzi nene zimepangwa tofauti na wa nyuzi nyembamba. Nyuzi za akustiki za saizi 12 kwenye tyuning ya kawaida zinavuta zaidi ya kilo 70, muda wote, usiku na mchana. Mbavu si mapambo.

Kwa nini sipeleki dukani. Duka linataka fungu lake na si dogo, na ni haki yao, kodi na mishahara hailipwi na upepo. Ila mi natoa magitaa machache kwa mwaka, nikigawana na duka inabidi ama nipandishe bei ama nipunguze saa za kazi kwenye kila moja, na saa ndo kitu pekee ninachouza, mbao kila mtu anaweza kununua. Ubaya wake sasa: mi ndo fundi, mi ndo mpiga picha, mi ndo mpokea simu wa saa tano usiku anayeulizwa "limefikia wapi". Nikivunjika mkono hakuna mwingine. Hilo mteja alijue kabla hajatoa kishika uchumba.

KapoYaNne
Asante fundi kwa kusema ukweli maana mi nina kovu. 2018 niliagiza kwa mtengenezaji wa nje, gitaa zuri, fretibodi (ule ubao wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi) ya mti wa rosewood. Sikujua kwamba tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ile iliwekwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kila chombo kinachovuka mpaka kikiwa kinauzwa kinahitaji karatasi. Mtengenezaji hakuweka. Gitaa likakaa forodhani wiki saba namuandikia anajibu "subiri kidogo". Sa hivi hio imelegezwa, mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye hilo sharti, isipokuwa ile rosewood ya Brazil ambayo bado ni kesi nzito, lakini mi 2018 yangu hainirudii.

Likafika. Sikilizeni sasa. Napitisha kiganja pembeni ya shingo, zii, damu. Mbao ilikauka kwenye lile ghala ikasinyaa, fireti ni chuma hazisinyai, ncha zote zimetokeza nje kama meno ya msumeno. Namuandikia, ananijibu waranti ipo ila nilirudishe kwa nauli yangu, kwenda na kurudi. Nikampelekea fundi wa hapa akazipiga tupa moja moja, nikalipa mwenyewe. Ingekuwa dukani ningelirudisha kaunta siku ile ile nikiwa na plasta kidoleni kama ushahidi.

FundiWaMbao
Pole sana. Hio si ya rosewood tu, unyevu. Gitaa linataka hewa ya unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, likishuka sana kwa wiki saba chochote kinaweza kutokea, hata uso kupasuka. Mimi kila ninalotuma naweka pakiti ya unyevu ndani ya keisi na nalegeza nyuzi kidogo. Lakini ncha za fireti zikitokeza mwezi wa kwanza nalipa mimi, hata kama fundi ni wa kwenu. Mtu asiyekubali hilo kwa maandishi mkimbie.

DadaPlektra
Naona mnachanganya vitu vitatu na ndo maana hamkubaliani. Fundi wa peke yake ni kimoja. Cha pili ni kampuni ambazo zimezaliwa zikiuza zenyewe, mfano wale wa ukoo wa Kiesel Marekani, walianza 1946, miaka mingi wakijulikana kama Carvin wanauza kwa katalogi ya posta, 2015 upande wa magitaa ukajitenga ukarudi kwa jina la Kiesel. Hao kuuza moja kwa moja ndo mfumo wao, wameshajua mteja atakayelirudisha atarudisha vipi. Cha tatu ndo kinaniudhi, kampuni kubwa inayouza kupitia maduka NA wakati huo huo inauza kwenye tovuti yake. Fender wanafanya hivyo. Hapo duka linageuka chumba cha kujaribia: mtu anakuja, anashika, anatoa jasho kwenye shingo, anapiga picha namba ya modeli, anaenda kununua kwa mwenye kampuni.

Na duka haliwezi kujitetea kwa bei kirahisi, mwenye chapa anataka isitangazwe chini ya kiwango fulani. Kuna nchi wanaona sawa na kuna wanaoona kosa, Uingereza 2020 Fender walipigwa faini ya pauni milioni 4.5 kwa kuwabana wauzaji wa mtandaoni wasipunguze. Kwa hio ile "bei ni moja kila mahali" unayoisikia dukani mara nyingi si roho mbaya ya muuzaji.

Ekshen_Chini
Na bado mnashangaa maduka yanafungwa. Sam Ash, wale wa maduka ya vyombo vya muziki Marekani, walifungua 1924 wakafunga yote 2024, miaka mia kamili.

DadaPlektra
Si kwa sababu hio peke yake kaka, kodi na mtandao vyote vimo. Ila hio nayo imo.

Alafu MashotoSita jambo moja la sheria, angalia kwenu inasemaje. Ulaya kwa mfano ukinunua kwa mbali una siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, LAKINI kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako hakimo. Ukichagua mbao na upana wa shingo umejifunga. Gitaa la kushoto lililoko tayari stoo, unarudisha. La kushoto ulilochongewa, ni lako hata usipolipenda.

MashotoSita
Duh. Kwa hio niseme ukweli, hilo la kifupa na mshazari limenimaliza. Miaka sita naambiwa na kwaya "unapanda unapotea", kumbe gitaa. Fundi ukiniuliza upana wa shingo mi sijui nikujibu nini, sijawahi kushika la kushoto zaidi ya lile la wanafunzi.

FundiWaMbao
Hilo hilo linatosha. Nenda na rula yenye milimita, pima shingo pale kwenye kifupa cha juu, nyuzi zinapopita kuingia kichwani, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mengi ni 43, mengine 44 na nusu. Milimita moja na nusu unaweza kuidharau kwenye karatasi, mkononi ni kiatu kinachobana. Shika kordi za G, C, D, kisha F ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, uone kidole gani kinagusa uzi wa jirani. Niambie hilo, usiniambie unachokipenda kwa macho.

KapoYaNne
Na kianzio usitoe chote mara moja. Kidogo sasa, kingine mbao zikishakatwa na umeona picha, kilichobaki ukishasikia sauti.

NilikuwaKaunta
Ila ukienda kupimia dukani kwa watu, nunua hata nyuzi. Tunawajua nyie wa rula.

MashotoSita
Nimetoka huko sasa hivi. Nimenunua seti mbili za nyuzi na kapo (kile kibanio cha shingoni) kabla sijatoa rula mfukoni 😂 Nikamwambia muuzaji ukweli kwamba naagiza kwa fundi, nilidhani atanuna, akanishikia rula mwenyewe. 43. Nikishika D kidole cha pete kinazima uzi wa kwanza kila mara, na hapo ni gitaa la kushoto sahihi, si la kugeuza. Kasema yeye mwenyewe mikono yangu inataka 45, alafu akauliza huyo fundi anapokea wanafunzi au hapokei.

Fundi nakutumia ujumbe usiku huu, kianzio kwa mafungu matatu kama alivyosema KapoYaNne. Na uniandikie ile ya ncha za fireti.

FundiWaMbao
Karibu. 45 imekaa vizuri. Wanafunzi napokea, mwambie aje na viatu vya kufunika vidole, patasi zinaanguka.