Saa chache za Jumamosi na ditekta: nianzie wapi hapa Kakamega?

Mwana wa Lurambi:
Hamjambo wanajukwaa. Kazi yangu huniachia alasiri ya Jumamosi peke yake, na ningependa kuitumia vizuri zaidi. Nina ditekta ya kawaida, ile mashine ya kutafuta metali ardhini, yenye koili (kile kisahani cha chini kinachohisi metali) ya inchi 11. Ami yangu ameniruhusu kutafuta katika shamba lake upande wa Rosterman, penye mgodi wa zamani wa dhahabu, na mzee mmoja amenionyesha kiwanja chake ambacho zamani kilikuwa soko. Mpaka sasa napata misumari na vifuniko vya soda tu. Je, nitafute dhahabu shambani au sarafu kiwanjani, na nifanyeje ili saa hizo zisiishie katika kuzungukazunguka?

Fundi wa Kondele:
Ndugu, ningekuwa wewe ningeanza na kiwanja cha soko, kwa sababu mahali watu walipohesabiana fedha ndipo zilipodondoka. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, na senti 1, 5 na 10 za wakati huo zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo utazitambua hata zikiwa zimejaa udongo. Kabla hujawasha mashine, muulize mzee wauzaji walikaa wapi na mti wa kivuli ulikuwa upande gani. Mazungumzo hayo yanaweza kukuokolea alasiri nzima.

Kisha chagua kipande kidogo, tuseme hatua kumi kwa kumi, ukizungushie kamba na ukimalize kabla ya kuhamia kingine. Tembea polepole, koili ikiwa karibu kugusa ardhi, na kila mpito wa koili ufunike nusu ya mpito uliotangulia, kwa maana eneo ambalo koili ya duara huona hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Ukimaliza, kipitie tena ukikata njia ya kwanza, kwani sarafu iliyosimama wima au iliyolala kando ya msumari huweza kusikika kutoka upande mmoja tu. Anayetaka kufagia kiwanja chote kwa siku moja anafanya mazoezi ya miguu. Na kwa kuwa ni takataka za chuma zinazokula muda wako, washa kichujio kikubwa, yaani mpangilio unaoifanya mashine isilie kwa vitu usivyovitaka, uzinyamazishe.

Mchimbaji wa Macalder:
Nakubaliana na Fundi kuhusu kamba, lakini hilo la kichujio kikubwa lina hatari. Punje ndogo ya dhahabu husomeka karibu sawa na karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, na ukinyamazisha vitu hivyo, umeinyamazisha dhahabu pamoja navyo. Sokoni nyamazisha chuma peke yake. Shambani usinyamazishe chochote, chimba kila mlio.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni udongo wenyewe. Udongo wetu mwekundu na maramu una madini mengi ya chuma, na mashine isiyosawazishwa nao, yaani isiyorekebishwa ili ipuuze udongo wenyewe, hupiga kelele za uongo mchana kutwa. Tafuta mahali pasipo na metali, uisawazishe hapo, halafu urudie kila rangi ya udongo inapobadilika. Ikiendelea kulalamika, punguza nguvu yake. Utapoteza kina kidogo lakini utaacha kuchimba mashimo ya bure. Vaa hedifoni pia, kwa sababu mlio wa kitu kilicho chini sana ni mwembamba na upepo wa mahindi huufunika.

Shamba la ami yako lisubiri mavuno na jembe. Mabua yaliyokatwa huinua koili kutoka ardhini, ilhali udongo uliolimwa na kushindiliwa na mvua moja mbili ni laini kuchimba na umeleta vya chini juu. Halafu tazama miguu yako: eneo hilo limechimbwa tangu mbio za dhahabu za miaka ya 1930, na nyasi hufunika mashimo.

Wakili Mstaafu, Nakuru:
Kijana wangu, ruhusa ya ami yako inahusu kuingia shambani, haihusu madini. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na mchimbaji mdogo huhitaji kibali. Vilevile, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mali ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kuvitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni. Senti za 1921 haziingii hapo. Ukikuta kitu kinachoonekana kuwa cha zamani zaidi, kiache kilipo na uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa.

Mwana wa Lurambi:
Asanteni sana wazee wangu. Nitaanza na kiwanja cha soko, kwa kamba, nikinyamazisha chuma peke yake, na habari ya kibali nitaiulizia kabla ya mahindi kuvunwa. Je, koili ndogo ingenifaa penye misumari mingi?

Mchimbaji wa Macalder:
Ingekufaa sana. Koili ya inchi 5 au 6 hupenya kati ya msumari na msumari, ingawa haifiki chini kama hiyo yako, nawe utahitaji mipito mingi zaidi. Ifunge kwenye mashine pale tu koili kubwa inapochanganyikiwa.