Naomba ushauri: nimhoji lini mama aliyejifungua?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkunga, naandaa pendekezo la utafiti kuhusu matatizo ya kunyonyesha na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua. Nitatumia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lile la maswali 10 ya kupima dalili za sonona kwa mama aliyejifungua.

Kinachonisumbua ni muda. Nikiwahoji wiki ya kwanza, wengi watakuwa kwenye ile huzuni ya kawaida ambayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Nikisubiri wiki ya 6, baadhi watakuwa wameshaacha kunyonyesha, na sitajua kipi kilitangulia: chuchu kuchanika na maziwa kuchelewa, au huzuni yenyewe. Msimamizi wangu anasema nihoji mara moja tu, yaishe. Mimi naona mara mbili ndiyo sahihi, ila kumpata tena mama mwenye kichanga si kazi ndogo (wakunga wenzangu mnajua).

Jingine, na hili ndilo linaninyima usingizi: swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama akikubali kwamba anayo, unafanya nini papo hapo? Ahadi ya usiri inaishia wapi? Waliowahi kufanya utafiti wa aina hii, mlipangaje?