Harambee ya kituo cha watoto: tulete msanii, kwaya au muheme?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nawaletea jambo linalotugawa parokiani kwetu hapa Dodoma mjini, tulijadili bila kuogopana. Tunaandaa harambee ya kituo cha kulelea watoto kinachoendeshwa na masista. Mabweni yamezidiwa na magodoro yamechakaa. Kamati ya maandalizi imekwama kwenye kipengele kimoja tu, burudani. Vijana wanataka msanii wa bongo fleva kutoka Dar. Wanakwaya wanataka tamasha la kwaya, tena ndani ya kanisa. Wengine, nami nimo, tunataka muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo.

Hoja ya vijana si ya kubeza. Jina kubwa linajaza watu, na Bunge la bajeti likiwa mjini kuanzia Aprili hadi Juni, wapo wageni wa kununua meza nzima. Lakini msanii haji peke yake. Anataka malipo ya awali, ana wacheza shoo, wanahitaji hoteli, spika kubwa na jenereta la akiba. Nani analipa? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inasema sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Mama wa jumuiya akitoa shilingi 2,000 kwa ajili ya magodoro, nasi tukanunulia dizeli, tumemdhulumu. Anayemtaka msanii atafute kwanza mfadhili wa kumlipa, na jambo hilo litangazwe mbele ya watu.

Kwaya nazo nazipenda, ila siyo kanisani kwa kadi za kununua. Mwaka 1987 idara ya Vatikano inayosimamia ibada ilitoa maelekezo kuhusu matamasha ndani ya makanisa: muziki uwe mtakatifu au wa kidini, na kuingia kuwe bure. Tukitaka kiingilio, twende ukumbini au uwanjani. Hapo sioni cha kubishania.

Muheme sasa. Akina mama wa Kigogo wamebana ngoma mapajani, viganja vinapishana, anayeongoza anatupa sauti juu na wenzake wanaidaka, hata mpita njia anasimama. Muhimu zaidi, ngoma hii watu wanaitunza wenyewe. Noti inakunjwa, inabandikwa kwenye paji la uso la mpigaji, mwingine naye anainuka. Tukikubaliana na kikundi mapema, pesa ya kutunza inaingia kwenye kapu la watoto. Ila walipwe nauli, chakula na posho ya heshima. Huu mtindo wetu wa kuwaambia wasanii wa asili "Mungu atawalipa" huku mshereheshaji analipwa taslimu umenichosha.

Lakini kilichonifanya niandike si hayo. Kwenye rasimu ya ratiba kuna kipengele ambacho pande zote tatu zimekipitisha bila neno: "Watoto wa kituo: shairi na igizo." Tunakijua. Watoto wamevalishwa fulana za rangi moja, wamepangwa mstari mbele ya meza kuu. Mmoja anapewa kipaza sauti anachokishika kwa mikono miwili, anasema mama alifariki, baba hamjui. Kinanda kinapigwa polepole. Mshereheshaji anashusha sauti: "Nani atamfuta machozi mtoto huyu kwa laki moja?" Simu zimenyanyuliwa kila upande. Jioni sura yake iko kwenye status za watu wasiomjua hata jina, na Jumatatu anakwenda shule na watoto walioiona.

Tunagombana kama bongo fleva italichafua Kanisa, na kipengele hicho cha watoto tunakiona utangulizi tu! Mimi naona ndiyo burudani isiyofaa kuliko zote zilizotajwa kikaoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na sioni maslahi yake hapo, naona yetu. Napendekeza kipengele kifutwe. Sista asimame na karatasi: watoto wangapi, magodoro mangapi, bei gani. Watoto waje kama wageni, wale pilau, wacheze.

La mwisho: mshereheshaji aambiwe mapema kwamba utani wa "Wagogo ombaomba" usisikike siku hiyo. Nipingeni.

Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki):
Kaka, unaongea vizuri, lakini karatasi ya sista haitoi laki mfukoni mwa mtu. Watu wanatoa wakiguswa. Mtoto asiposema, harambee inageuka kikao cha mapato na matumizi. Kuhusu muheme, sisemi ni mbaya, ila wenzangu wa vyuoni hawatalipa kiingilio kuja kuona kitu wanachokiona bure kwenye sherehe za serikali. Na wasanii wapo Wakatoliki, tena wengine wanaweza kuja kwa kujitolea tukiwaandikia vizuri. Mmewahi kuandika? Mimi naongeza bahati nasibu: tuuze tiketi, zawadi iwe pikipiki.

Katekista mstaafu:
Mwanangu, muheme tunaoujua sisi wazee ulikuwa wa unyago wa mabinti. Wakati tunabatizwa tuliambiwa tuyaache mambo hayo. Leo mnayarudisha kwenye uwanja wa Kanisa, tena mbele ya Baba Paroko? Kwaya inatosha. Watu wakiona haba, waongezewe chakula.

Mama mlezi, kituo kingine:
Nimelea watoto hawa miaka mingi. Msiwanyime kuimba. Wanapenda mno, wakifanya mazoezi jioni hata jikoni tunasahau ugali. Wasichokipenda ni kusimulia. Kuna wageni huwaita pembeni baada ya shughuli, "hebu niambie mama yako alikufaje", huku ameshika biskuti.

Mleta mada:
Mama, asante, umelikata sawasawa. Basi waimbe, lakini ndani ya Utoto Mtakatifu, kundi la watoto wa parokia, sare moja, watoto wote wamechanganywa, mgeni asijue yupi wa kituo na yupi wa nyumbani kwa mwenyekiti wa Walei. Hakuna kusimulia, hakuna kupiga picha za mmoja mmoja.

Mzee wangu katekista, shikamoo. Asili ya muheme naikubali. Lakini ngoma ikitolewa unyagoni ikawekewa maneno mengine inaimba mengine, na siku hizi inapigwa hata kwenye Misa zetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, kwenye hati ya Liturjia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake, tena katika ibada yenyewe. Hapa sisi tuko uwanjani, siyo altareni. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alibeba zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma vya kupigwa kwa vidole gumba) hadi majukwaa ya Ulaya, nasi huku nyumbani bado tunaomba radhi. Maneno ya nyimbo yaletwe kwako uyapitie, hilo naliunga mkono.

Mdogo wangu wa VIWAWA, kuhusu bahati nasibu: Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, haisemi michezo hiyo ni dhambi yenyewe kwa yenyewe, ila serikali ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni yake. Kama huna muda wa kuifuatilia, tufanye mnada. Mbuzi, kuku, gunia la alizeti, chupa za mvinyo wa zabibu zetu za hapahapa. Mnada ukipata dalali mwenye mdomo ni shoo tosha, na pesa inalipwa palepale. Kuguswa unakokusema kunaishia kwenye ahadi, na wewe uliyebaki na daftari la ahadi za mwaka jana unajua zimelipwa ngapi.

Msanii wa kujitolea simkatai. Jumapili baada ya Misa ya pili tunakutana. Njoo na barua yake iliyosema atakuja bure, na makadirio ya spika na jenereta yenye jina la anayelipia. Ukija mikono mitupu, nitaomba kipengele chake kifutwe pamoja na cha shairi.