Naombeni ushauri, hili neno "bank" nalifunza aje?

Hamjambo wadau, naombeni mnisaidie. Nafunza watoto wa gredi ya 6 tuisheni hapa Kisumu, juzi tulisoma sentensi ya mama amekaa kwa "bank" ya mto nikawaambia wachore. Msichana mmoja akachora mto wetu wa Nyando vizuri kabisa, na matope yake, halafu kando akaweka jengo lina askari mlangoni na watu wamepiga foleni. Niliumia, maana ni mimi sikuwaeleza.

Nimeangalia kamusi, ile ya pesa imetoka Italia, banca, yaani meza ama benchi ya wabadilishaji pesa, ikapitia Ufaransa, na ya mto ilikuja na watu wa Skandinavia. Lakini ukirudi nyuma sana zote zinakutana kwa shina moja la lugha za jamii ya Kijerumani, kumbe benki na benchi zetu ni ndugu! Na ndege ikilala upande kukata kona pia ni "bank".

Sasa walimu, niwafunze kama neno moja lenye maana nyingi ama maneno mawili? Na ya mto niwaambie ukingo ama kando, mtoto wa huku ashike haraka?